Mama Asiye na Pini Mdomoni

Jambo lenyewe lilianza dogo: Kifungo aliacha kuuliza maswali.

Kifungo alikuwa binti wa fundi cherehani, mtoto wa miaka sita aliyepewa jina hilo kwa udogo wake. Alizoea kuuliza tangu anaamka mpaka anasinzia na kijiko mkononi. Sasa kimya. Mama yake, fundi mwenyewe, hakushtuka. Alishukuru.

Alikuwa na sketi mia na ishirini za kushona, zote za marinda, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Walimu wakuu wawili walikuja siku moja, wakaleta oda mbili, naye akazipokea zote. Tangu mumewe afariki alikuwa amesahau kusema hapana. Na kinywa chenyewe hakikuwa na nafasi ya kusema chochote. Fundi wa marinda hubana pini kwa midomo, akichomoa moja moja kadiri anavyokunja kitambaa. Yeye alizibana tangu alfajiri, hata siku zile mtoto alipokuwa bado anauliza.

“Mama, njaa.”

“Mmh.”

“Mama, nimeanguka.”

“Mmh.”

“Mama, kwa nini jua halichoki?”

“Mmh.”

Usingizi ulimkimbia. Nywele zake zilibaki kwenye kitana. Alitia chumvi kwenye chai, akaunguza uji mara mbili asubuhi moja, akamkaripia mtoto kwa kukohoa.

“We mwanamke, utashona mpaka sanda yako?” dada yake alimuuliza siku alipopita kumjulia hali.

“Nikimaliza hizi nitapumzika.”

“Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Na mwaka juzi. Wewe hata kifo kikija utakiambia kipange foleni.”

Walicheka, lakini kicheko cha fundi hakikutoka moyoni.

Mchana wa kesho yake alisimamisha cherehani abadilishe uzi. Katika ule ukimya akamsikia Kifungo anacheka chumbani. Kisha sauti ya mtu mzima ikamjibu. Pakanuka kitambaa kilichoungua, na pasi ilikuwa baridi tangu jana. Akanyanyuka taratibu, akasogea ukutani, akategesha sikio, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuitambua, maana sauti ile iliyokuwa ikimweleza mtoto bila haraka kwamba jua nalo huchoka, ndiyo maana jioni huwa jekundu kama macho ya mtu aliyekosa usingizi, ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa nayo zamani, kabla ya msiba.

Akasukuma mlango. Kifungo alikuwa peke yake, ameketi mkabala na kitanda kitupu.

“Unaongea na nani?”

“Na mama.”

“Mama ni mimi.”

Mtoto akamtazama midomo. “Yule hana pini mdomoni.”

Jioni hiyo fundi alimwita shangazi yake, mkunga mstaafu ambaye watu walimfuata pia kwa mambo ya majini na mapepo. Bibi huyo alikaa juu ya kile kitanda, akanusa, akashusha pumzi.

“Usimtafute mchawi,” alinong'ona. “Hili halikutumwa na mtu. Limekuta kiti cha mama kiko wazi, likakaa.”

“Sasa nifanyeje, shangazi?”

“Siku saba, kuanzia alasiri mpaka jua lizame, usiguse kazi. Kaa na mwanao. Kila neno lake ulijibu kwa kinywa chako. Likikosa pa kukaa litaondoka lenyewe. Ila ukiliachia kiti tena, usiniite. Sitaweza.”

“Na sketi?”

“Sketi hazitakuita mama.”

Alitii. Siku ya kwanza sauti ilinong'ona ukutani mpaka magharibi. Siku ya nne ilibaki kikohozi. Siku ya sita hata ile harufu iliisha, na Kifungo alilala mapajani mwake akitaka kujua kama samaki husikia kiu. Fundi alijikuta analia, asijue ni uchovu au ni furaha.

Siku ya saba, saa kumi, mwalimu mkuu mmoja alisimama mlangoni.

“Zimebaki ngapi, fundi?”

“Kumi na moja.”

“Shule ni kesho. Wasichana kumi na mmoja wasimame mstarini bila sketi?” Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa amevimba macho kwa kukesha.

Alipoondoka, fundi alilitazama jua. Bado lilikuwa juu. Akajiambia kwamba jini limeshaondoka, kwamba rinda moja si kazi. Akabana pini.

Kifungo alikuwa sakafuni, anachora kwa chaki.

“Mama, na wewe ukifa kama baba, nitakaa na nani?”

“Mmh.”

Chaki ikasimama. Chumbani, taratibu, kwa upole, ikasikika ile sauti ikijibu:

“Utakaa na mimi.”

Fundi akatema pini zote, akataka kuita, lakini koo lilitoa ile “mmh” peke yake, na alipojaribu tena ikatoka ileile, huku mtoto akinyanyuka, akijipangusa chaki, akiingia chumbani bila kugeuka, na mlango ukijirudisha polepole kama uliosukumwa na mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Akaurukia, akaufungua. Kifungo alikuwa ameketi chini, kichwa amekiegemeza hewani, kama mtu aliyeegemea paja. Nywele zake zilikuwa zinajigawa zenyewe, zinajisuka msuko mmoja baada ya mwingine, bila vidole.

Fundi alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Mtoto akainua macho, akamtazama kwa adabu, kama anavyowatazama wateja.

“Shikamoo,” alisema. “Kama umeleta nguo, subiri pale nje. Mama ananisuka.”