Chumba Kilichokunywa Maji

Maji hayakukaa katika chumba kile. Ukiweka glasi mezani asubuhi, adhuhuri unaikuta kavu, hata alama ya tone hakuna. Daftari alisingizia joto.

Jina hilo alipewa na ndugu zake, maana ndiye aliyetunza habari za ukoo: nani alizaliwa lini, nani alimwoa nani, nani alizikwa wapi. Hakukosea tarehe. Lakini tangu Bibi afie chumbani humo, miezi saba sasa, alikuwa na uongo mmoja. Alisema amesahau nenosiri la kompyuta.

Hakusahau. Siku ya mazishi aliandika jipya, refu, kwenye kipande cha karatasi, akaliingiza, kisha akaichoma karatasi. Alitaka hata yeye asiweze kufungua. Ndani mlikuwa na rekodi ya Bibi ya siku ya mwisho.

Shangazi, binti pekee wa Bibi, alikuwa safarini siku ile. Aliambiwa mama yake alilala kwa amani. Sasa alitaka kuisikia sauti yake, na mchana mmoja akaingia na fundi wa kompyuta, mwanamke mcheshi aliyeitwa Spana.

"Shangazi, tusijisumbue," Daftari alisema. "Huenda imeshaharibika."

"Basi iharibike mbele ya macho yangu."

Spana alichomeka flashi. "Tunaiwasha kwa hii, mama. Mfumo uliomo ndani unabaki umelala. Tunapita mlango wa uani, tunafuta nenosiri, tunatoka. Mwenye nyumba hata hakohoi."

Kioo kilikuwa cheusi, maandishi meupe yakapita. Ndipo spika zikatoa sauti: gu, gu, gu. Mtu anakunywa.

Spana aliacha kutabasamu. "Bado sijawasha chochote chenye sauti," alisema taratibu.

Akafungua orodha ya akaunti. Ya Daftari ilikuwepo, na mbele yake imeandikwa: mgeni.

"Dada, ulijiondolea mamlaka?"

"Sijagusa kitu."

"Basi umeondolewa. Msimamizi ni huyu." Kidole chake kilionyesha akaunti isiyo na jina. Ilifunguliwa siku aliyokufa Bibi, saa saba mchana.

"Saa saba nani alikuwa humu?" Shangazi alinong'ona.

"Mimi na Bibi tu."

Spana aliifuta akaunti ile, ikarudi, akaifuta tena, ikarudi tena, na kila iliporudi harufu ya udongo uliolowa ilizidi kupanda kutoka chini ya meza ingawa sakafu ilikuwa kavu, na maji ya jagi lililojazwa punde na kuwekwa dirishani, wote watatu wakiyatazama kwa jua la mchana, yakaanza kushuka kidogo kidogo, kwa mafunda, mpaka jagi likabaki tupu na kioo kikaandika swali moja.

Aliomba nini?

"Nani aliomba?" Shangazi aliuliza. "We mtoto, nakuuliza. Nani aliomba nini?"

Daftari alijua kuomba radhi kwa maandishi. Kwa mdomo hakuwahi kujifunza. Aliiinamia kibodi asiuone uso wa shangazi yake, akaandika: maji.

Kompyuta ikafunguka. Rekodi ikaanza yenyewe.

"Mjukuu wangu," ilisema sauti ya Bibi, kavu kama ganda, "nipe maji."

"Ngoja kwanza, Bibi." Hii ilikuwa sauti ya Daftari, safi, ya mtu mwenye kazi. "Tumalize. Mama yake babu aliitwa nani?"

"Maji, mama."

"Jina moja tu, Bibi. Ukinywa utalala, nami nitakosa."

Shangazi alikaa kitandani polepole. Daftari alitamani ardhi ipasuke. Alikumbuka kilichofuata: Bibi alinyamaza, yeye akanuna, akatoka kwenda kutafuta kalamu nyingine. Aliporudi, Bibi alikuwa amekwisha kufa.

Lakini rekodi haikuwa imezimwa. Mlango ulisikika ukifungwa. Kimya. Kisha hatua, nzito, zenye majimaji, zikitoka pembeni ambapo hapakuwa na mlango. Maji yakamiminwa.

Gu, gu, gu.

"Ahsante, mwanangu," Bibi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Wewe ni wa nani? Sikujui."

Kitu kilijibu kwa sauti ya chini, kama kisima kinachoongea. "Niambie mimi majina."

Bibi akayataja yote. Ya waliokufa, ya walio hai, hata yale ambayo Daftari alikuwa ameyatafuta kwa miaka kumi. La mwisho alilolitaja lilikuwa la Daftari.

Spana alichomoa flashi. "Mama," alisema, "niichome hii mashine? Au nimwite mwenye dawa aje amtoe huyo aliyemo?"

Shangazi alikuwa akilia bila sauti. Alichukua jagi, akampa Daftari bila kumwangalia.

"Asitolewe na mtu. Huyo ndiye aliyempa mama yangu maji."

Daftari alikwenda kulijaza. Aliporudi, rekodi ilikuwa imekwisha, na kioo kilikuwa na swali jipya, kikisubiri mgeni ajibu.

Na wewe, una kiu?