Jani la Kabichi Chini ya Blauzi

Mwezi wa Septemba, vijiji vya kusini mwa Serbia hunukia pilipili hoho za kuchoma. Kila ua una jiko la kuni. Wanawake huchoma hoho, humenya maganda meusi, husaga, kisha hupika ajvar ya kulia mkate wakati wa baridi. Hakuna aliyempita Milunka kwa ajvar. Hilo angekuambia mwenyewe kabla hujaketi.

Mwaka huo alimenya kwa mkono mmoja. Wa kushoto aliubana ubavuni.

"Umeumwa na nyuki?" mumewe, Radiša, alimtania.

"Nimeumwa na wewe, tangu siku ya harusi. Koroga sufuria!"

Radiša akacheka, akakoroga. Masikini, hakujua kitu. Tangu theluji ilipoyeyuka, Milunka alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa. Kila siku aliubandika jani la kabichi lililopakwa asali, kama bibi yake alivyomfundisha. Uvimbe ulizidi kukua.

Mchana akaja Desanka, binti wa jirani. Alikuwa mtafiti wa saratani mjini Niš, lakini siku ya ajvar hakuikosa. Kwao watu husalimiana kwa mabusu matatu. Baada ya busu la tatu Desanka akamkumbatia Milunka kwa nguvu, na kitu kikakatika chini ya blauzi. Harufu ya kabichi ikapanda. Mficha maradhi kilio humfichua. Bahati ya Milunka, kabichi ilikiwahi kilio.

Desanka alijua wazee hubandika kabichi kwenye uvimbe wa titi. Akamvuta hadi bustanini.

"Shangazi, uvimbe una muda gani?"

"Usipige kelele. Utapoa."

"Twende hospitali."

"Wanipasue? Kisu kikiugusa unasambaa! Mama yangu walimpasua, hakuiona Krismasi."

"Alikwenda hospitali lini?"

"Titi lilipoanza kutoa usaha."

"Basi si kisu kilichomuua. Alichelewa."

Desanka akainama, akavuta gugu la sangari, lile lenye mizizi mirefu ardhini. Likakatika mkononi.

"Nimelimaliza?"

"Umelimaliza nini, nawe msomi? Mzizi umebaki. Litaota tena."

"Ndiyo kazi yangu hiyo. Seli za uvimbe wa saratani hazifanani. Nyingi zinakufa kwa dawa. Chache zinaweza kujificha kama mzizi huu, halafu zikaota upya. Tunaziita seli shina za saratani. Mimi natafuta zinajifichaje, na dawa gani itazimaliza."

"Umeipata?"

"Bado, sikudanganyi. Tunaikaribia. Lakini ukiwahi mapema, madaktari wana silaha nyingi. Na si kila uvimbe ni saratani. Upimwe kwanza. Kabichi haijui tofauti."

Milunka akalia. Aliogopa, na kwa mara ya kwanza alisema hivyo kwa sauti. Kisha akafuta macho, akaenda kumwambia mumewe.

Radiša akaangusha mwiko. "Nawasha gari!"

"Mjomba, kliniki ni kesho," alisema Desanka.

"Basi nitalala ndani ya gari!"

Katika zogo hilo ajvar ya Milunka ikaungua, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hospitalini walimpiga picha ya titi, wakapima kipande cha uvimbe. Ilikuwa saratani, lakini haikuwa imesambaa. Walimpasua, kisha wakampa dawa kali. Nywele zilinyonyoka, zikaota tena. Walipoomba ruhusa ya kutumia sehemu ya uvimbe kwa utafiti, alijibu, "Chukueni wote, mimi siuhitaji."

Mwisho wakampa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka kadhaa, saratani isirudi. Nguvu zilipomrudia, asubuhi moja alitaka kuviacha. Asubuhi hiyohiyo akaona sangari imechipua bustanini, palepale ilipokatwa. Akarudi ndani, akameza kidonge, akanuna.

Septemba ilipofika, alimenya hoho kwa mikono miwili, na ajvar haikuungua. Jirani mmoja, Ljubinka, akamsogelea, akamnong'oneza, "Dada, lile jani la kabichi, unalipaka asali upande gani?"

Milunka akaweka kisu chini. Akamtazama kifuani, kisha usoni.

"Kabichi ni ya kuviringishia nyama," alisema. "Radiša! Washa gari. Ljubinka, vaa viatu, mdogo wangu. Leo kliniki iko wazi, na mimi nakwenda nawe."