Bupe na Kompyuta Iliyogoma

Bupe anaishi Tukuyu. Tukuyu kuna migomba, kuna chai, na kuna mvua. Mvua nyingi kweli kweli!

Bupe ana miaka sita. Ukimuuliza, atakwambia sita na nusu.

Nyumbani kwao yupo Baba, yupo Mama, na yupo Bibi. Sasa kuna mtu mpya pia. Ni mtoto mchanga! Amezaliwa juzi hospitalini, na jina lake ni Lugano.

Bupe hajamwona Lugano bado. Kesho saa sita mchana, Mama atarudi naye nyumbani. Bupe hatulii hata kidogo.

Sebuleni kwao kuna kompyuta. Haikutoka dukani ikiwa nzima, la. Baba aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Mwezi huu feni, mwezi ujao waya, mwezi mwingine skrini. Kasha lake lina mkwaruzo ubavuni, na Baba analipenda hivyo hivyo.

Ukibonyeza kitufe cha mbele, taa ya kijani inawaka. Feni inazunguka. Kompyuta inasema: Piii! Vuuuu...

Leo asubuhi, Bupe amechora picha kwenye kompyuta hiyo. Amechora nyumba. Amemchora Baba, akamchora Mama, akamchora Bibi, akajichora na yeye mwenyewe. Katikati akamchora Lugano. Lugano ametoka kama ndizi iliyovaa kofia.

Baba akamsaidia kuandika juu: KARIBU NYUMBANI, LUGANO.

Kisha Baba akampigia Mama simu, na Bupe akainyakua.

"Mama! Kuna kitu kwenye kompyuta! Sikwambii ni nini. Na Lugano usimwambie!"

"Simwambii," akasema Mama. "Lakini nikifika tu, nataka kukiona."

"Utakiona, Mama. Nakuahidi."

Na ahadi ni deni, hata kama una miaka sita. Na nusu.

Mchana Baba akaenda hospitalini kumpelekea Mama uji. Nyumbani wakabaki Bibi na Bupe.

Jioni, mawingu meusi yakaja. Ngruuu! Ngruuu! Radi hiyo!

Bibi ana sheria yake ya radi. Bupe anaijua kwa kichwa.

"Ngurumo ikinguruma?" akauliza Bibi.

"Funika, zima, chomoa!" akajibu Bupe.

Bibi akafunika kioo kikubwa kwa kanga. Kufunika ni kazi ya Bibi. Kuchomoa nyaya pia ni kazi ya Bibi, kwa sababu ni kazi ya wakubwa.

Kuzima ni kazi ya Bupe.

Bupe akazima redio. Tap! Akazima taa ya mezani. Tap! Akazima swichi ya ukutani. Tap!

Akaingia chini ya meza, nyuma ya kompyuta. Huko nyuma akaona swichi ndogo nyeusi. Hakujua ni ya nini. Lakini swichi ni swichi, bwana. Tap!

"Umezima vyote?" akauliza Bibi.

"Vyote, Bibi!"

"Hodari wangu!"

Wakakaa pamoja jikoni, wakala ndizi za kuchoma, wakasikiliza mvua. Baba aliporudi, Bupe alikuwa ameshalala fofofo.

Asubuhi jua likatoka. Ilikuwa saa tatu.

Baba akachomeka waya wa kompyuta. Akawasha swichi ya ukutani.

"Haya, Bupe. Bonyeza, tuandae picha ya Mama."

Bupe akabonyeza.

Kimya.
Taa haiwaki. Feni haizunguki.
Hakuna piii. Hakuna vuuu.

"Labda kidole changu kina usingizi," akasema Bupe. "Bonyeza wewe, Baba."

Baba akabonyeza. Kimya. Kidole cha Baba hakikuwa na usingizi hata kidogo.

"Kompyuta imegoma," akasema Baba. "Tusiwe na haraka. Tuanze na ukuta."

Baba akachomoa waya wa kompyuta, akachomeka redio palepale, akaiwasha. Redio ikaanza kuimba. Ukuta ni mzima!

"Basi ni waya," akasema Baba.

Akaenda jikoni. Bibi ana sufuria ya umeme ya kupikia wali, na waya wake unafanana kabisa na wa kompyuta. Baba akauchukua.

"Wewe! Na wali wa mgeni wangu je?" akasema Bibi.

"Naazima tu, Bibi. Dakika moja." Baba humwita mama yake Bibi, kama Bupe anavyomwita.

Baba akachomeka waya wa sufuria kwenye kompyuta. Bupe akafumba macho, akabonyeza.

Kimya.
Taa haiwaki. Feni haizunguki.
Hakuna piii. Hakuna vuuu.

Saa nne ikafika.

Baba akachomoa tena waya. Akaleta bisibisi, akafungua kasha. Kri, kri, kri. Bupe akashika skrubu kiganjani. Moja, mbili, tatu, nne. Skrubu hazitakiwi kupotea, na Bupe hakupoteza hata moja.

Ndani kulikuwa na nyaya nyekundu, nyaya za njano, na vumbi. Baba akachomoa kadi moja ndefu na nyembamba.

"Hii ni kadi ya kumbukumbu," akasema. "Ikichafuka, kompyuta inachanganyikiwa. Nipe ufutio wako wa shule."

"Ufutio wangu?"

"Ndiyo. Mafundi wote wanajua siri hii."

Bupe akaleta ufutio. Baba akasugua meno ya kadi taratibu. Fyu, fyu, fyu. Yakang'aa. Akairudisha mahali pake. Tak!

Baba akachomeka waya. Wote wawili wakabana pumzi. Bupe akabonyeza.

Kimya.
Taa haiwaki. Feni haizunguki.
Hakuna piii. Hakuna vuuu.

Saa tano ikafika. Baba akakaa sakafuni. Jasho lilikuwa likimtoka, na pua yake ilikuwa na vumbi.

"Nadhani kisanduku cha umeme kimekufa," akasema. "Ndicho kinachoipa kompyuta nguvu. Jumatatu nitakipeleka kwa fundi kule Mbeya."

Jumatatu! Lakini leo ni Jumamosi. Mama anakuja leo!

"Chora nyingine kwenye karatasi, mjukuu wangu," akasema Bibi.

"Si ile," akasema Bupe. "Nilimwahidi ile. Ile imo humo ndani."

Baba akaitazama kompyuta yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Labda sikuiunda vizuri."

Bupe hakuwahi kumsikia Baba akisema hivyo. Yeye huyo aliyejisifu mtaa mzima!

Baba akafunga kasha, kri, kri, kri. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akairudisha kompyuta mahali pake. Kisha akaenda kunawa uso.

Bupe akaingia chini ya meza. Alitaka kulia kidogo, mahali ambapo hakuna anayemwona.

Akalia kidogo. Akafuta machozi. Akatazama mbele yake.

Akaiona ile swichi ndogo nyeusi.

Bupe akakumbuka. Radi. Ngruuu! Kidole chake. Tap!

"Ni mimi," akanong'ona. "Mimi ndiye niliyeizima."

Baba amehangaika tangu asubuhi! Ametoka jasho, amepata vumbi, ameazima mpaka waya wa wali!

Bupe angeweza kubonyeza tap, kimya kimya, na hakuna ambaye angejua. Akanyoosha kidole.

Lakini akamkumbuka Baba pale sakafuni. "Labda sikuiunda vizuri." Baba angebaki na wazo hilo siku zote.

Bupe akarudisha kidole.

"Baba!" akaita. "Baba, njoo!"

Baba akaja mbio, uso unatiririka maji. Akainama chini ya meza.

"Umeiunda vizuri, Baba," akasema Bupe. "Mimi ndiye niliyeizima. Jana, wakati wa radi. Hapa nyuma. Samahani, Baba."

Baba akaitazama swichi. Akamtazama Bupe. Akaitazama swichi tena.

Halafu akacheka! Alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye meza. Ko!

"Kumbe!" akasema. "Nimefungua kompyuta nzima, na kumbe iko salama salimini!"

Bibi akaja kuona kuna nini. Akaelezwa. Akashika kiuno.

"Umeuliza ukuta," akamwambia Baba. "Umeuliza waya. Umeuliza mpaka sufuria yangu ya wali! Mtoto aliyekuwepo hukumuuliza."

Baba akakuna kichwa.

"Na mimi pia nimo," akasema Bibi. "Nani alimwambia azime kila kitu? Si mimi? Kuuliza si ujinga. Tungeulizana asubuhi, sasa hivi tungekuwa tunakunywa chai."

Baba akamkumbatia Bupe hukohuko chini ya meza.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Haya. Aliyezima ndiye awashe."

Bupe akanyoosha kidole. Tap!

Wakatoka chini ya meza. Bupe akasimama mbele ya kompyuta. Akabonyeza kitufe.

Taa ya kijani ikawaka!
Feni ikazunguka!
Piii! Vuuuu...

"Inawaka! Inawaka!" Bupe akaruka. Baba akaruka. Bibi hakuruka, lakini alipiga kigelegele kilichofika hadi barabarani.

"Sasa nipeni waya wangu," akasema. Baba akamrudishia waya wa sufuria na kuweka ule wa kompyuta. Bupe akabonyeza tena, na kompyuta ikaitika tena. Baba akaifungua ile picha.

Wakati huohuo, mlangoni, sauti ikasema, "Hodi!"

Ilikuwa saa sita.

"Karibu, Mama!" Bupe akakimbia mlangoni.

Mama akaingia na furushi dogo kifuani. Akaketi. Akaitazama skrini. Akanyoosha kidole, akaonyesha mmoja mmoja.

"Huyu ni Baba," akasema. "Huyu ni Bibi. Huyu ni mimi, na huyu ni wewe. Na hii ndizi iliyovaa kofia je?"

"Siyo ndizi, Mama! Ni Lugano!"

Mama akafunua shali taratibu.

Ndani ya shali alilala Lugano. Alikuwa mwembamba na mrefu, amejikunja kidogo. Blanketi lake lilikuwa la njano. Kofia yake ilikuwa ya bluu.

Wote wakatazama skrini. Wakamtazama Lugano. Wakatazama skrini tena.

"Ni yeye kabisa," akasema Mama. Akambusu Bupe kwenye paji la uso. "Umetimiza ahadi."

Siku hiyo walikula wali, kwa sababu waya ulikuwa umerudi kwa mwenyewe.

Jioni, mawingu yakaja tena. Ngruuu!

"Ngurumo ikinguruma?" Bibi akanong'ona, maana Lugano alikuwa amelala.

"Funika, zima, chomoa," Bupe akanong'ona.

Bibi akafunika. Bupe akazima. Tap, tap, tap. Bibi akachomoa.

"Baba," akasema Bupe, "nimezima na ile ya nyuma. Nakwambia mapema."

"Nimesikia," akasema Baba. "Asante, fundi wangu."

Bupe akapanda kitandani. Mvua ikanyesha juu ya bati. Nyumba nzima ikatulia.

Kimya.
Taa haiwaki. Feni haizunguki.

Lugano, kwenye shali lake, akasema: Piii!

Na Bupe, chini ya blanketi lake, akajibu: Vuuuu...