Kidole Kifupi cha Shihab

Walikutana sokoni Kismayo, mbele ya duka la vyombo vya umeme, saa zile za asubuhi watu wanaposukumana kwa viwiko. Swabra, kajitanda mtandio wa rangi ya bizari juu ya buibui, alikuwa amekumbatia kinanda cha mitumba. Muuzaji anaapa kizima, kinanda kimenyamaza kimya. Shihab, fundi wa mashine za boti, mzaliwa wa kisiwa cha Chovai, alikuwa akipita tu. Akainama, akakwangua kutu penye betri kwa ukucha, na kinanda kikalia.

Swabra akakiona kidole chake cha kati, mkono wa kushoto, hakina ncha.

"Hicho kililiwa na nini?"

"Mashine ya boti."

"Na wewe ukaisamehe?"

"Naitengeneza mpaka leo."

Akacheka, na Shihab akasahau alikokuwa akienda. Miezi minane baadaye posa ikapelekwa, pete ikavalishwa. Ilibaki mjomba wa Swabra aje kutoka Kudhaa kupanga siku ya harusi.

Shihab hakujijua kuwa ni mtu wa wivu. Alijijulia kwenye Vidole Vizito.

Hilo ni kundi la simuni la watu wazima walioanza kinanda ukubwani: Wabajuni wa Kismayo, wa Mombasa, wengine wako Ulaya huko kwenye baridi. Mkuu wao ni Bi Zuleikha, na sheria yake moja: kila Ijumaa kila mtu atume video ya mikono yake ikicheza. Sura haionyeshwi. Wenzako wanakusifu, wanakurekebisha, wanakutia moyo ukikata tamaa.

Ijumaa moja Swabra alimpa Shihab simu aone video yake, uani kwao, mama mtu akichambua mchele pembeni. Shihab akaitazama mara ya kwanza kwa ajili ya wimbo. Mara nne zilizofuata alitazama kidole cha pete. Kitupu. Na chini yake mtu anayeitwa Adnani, wa Mombasa, kaandika: "Mashaallah, Swabra, vidole hivyo vinanifundisha hata mimi."

Akanywa kahawa yake, akaaga. Kufika kwake tu akapiga simu.

"Pete iko wapi, mpenzi?"

"Naivua nikicheza. Inanizuia."

"Inakuzuia wewe, au inamzuia Adnani?"

"Adnani hata sura simjui, Shihab."

"Lakini yeye vidole vyako anavijua."

"Unanionea."

"Kama pete inakuelemea, irudishe."

Alitamani kulimeza neno lile papo hapo, ila kiburi kilimkaba. Kabla ya alasiri Mariam, dada yake Shihab, akaingia na pete ndani ya leso. "Swabra kasema umeitaka mwenyewe. Una wazimu wewe? Mjomba wake yuaja wiki mbili zijazo. Akikuta kidole kitupu, yamekwisha."

Mwenye akili angekwenda kuomba radhi. Shihab wetu alikwenda kununua laini mpya ya simu, akajiunga na Vidole Vizito kwa jina la Badi wa Ngumi, kisiwa cha jirani na kwao, amchunguze Adnani kwa raha zake.

Siku ya pili Bi Zuleikha akamtumia sauti. "Badi, hapa hatuna watazamaji. Usipotuma mikono Ijumaa, nakutoa."

Basi kila mchana fundi akawa anakwenda kwa Husein, mkodishaji wa spika za harusi, anapiga kinanda chake cha dukani huku jasho likimtoka. Na nani alijitolea kumwelekeza? Adnani. "Legeza bega, ndugu yangu. Unakipiga kama unafungua nati." Shihab alimtukana moyoni, akalegeza bega. Sauti ikatoka nzuri. Hilo lilimuuma zaidi.

Ijumaa akatuma video: mkono wa kushoto peke yake, sauti nane kwenda, nane kurudi.

Punde Adnani akaandika: "Karibu, Shihab."

Shihab alihisi masikio yanawaka moto. Ikaingia sauti ya Bi Zuleikha.

"Mwanangu, kidole hicho tunakijua tangu mwezi wa Rajabu. Swabra alituuliza kama mtu mwenye kidole kifupi aweza kucheza. Alitaka mkishaoana akufundishe, muwe mnacheza pamoja. Adnani ndiye aliyekutungia zoezi."

Likafuata zoezi lenyewe, picha ya karatasi. Mkono wa kushoto tu, kidole cha kati kikirukwa kila mara. Juu yake: *La Shihab*. Tarehe ilikuwa ya miezi miwili kabla ya ugomvi.

Simu ikalia.

"Badi wa Ngumi, hujambo?"

"Swabra, nimekosa."

"Umekosa. Na kidole cha nne umekiweka vibaya."

"Nirudie, mpenzi."

"Sikiza. Mimi sihojiwi kama mwizi. Ukiumwa na wivu, niambie unaumwa, basi."

"Naumwa," Shihab akasema. "Naumwa tangu Ijumaa ile, sili, silali."

Swabra hakucheka, lakini sauti yake ililainika. "Njoo kesho alasiri. Mama atakuwapo. Pete usiisahau."

Alikwenda na kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Swabra, ndani ya dera la kijani, aliipokea pete, akaivaa mbele ya mama yake, akaunyoosha mkono kuitazama. Halafu akaivua tena.

"Ivae wewe, kidole cha mwisho," Swabra akasema, akaiweka kiganjani mwake. "Kila nikicheza, wewe ndiye utakayenishikia."

Ijumaa iliyofuata kundi lilipokea video ya mikono miwili: wa kulia wa Swabra, wa kushoto wa fundi, kidole cha kati kifupi na pete kwenye cha mwisho. Wa kwanza kujibu alikuwa Adnani. Alituma moyo mwekundu, na mwingine, na mwingine.

Shihab akautazama ule wa tatu.

"Swabra."

"Naam."

"Naumwa."

"Najua," Swabra akasema. "Cheza."