Ganda Lililomuunguza Arlo

Mimi sikuwepo, ila namjua rafiki yangu Verlin: huku Montana yeye peke yake hadanganyi hata uzito wa samaki aliyemvua.

Alinunua bunduki kuukuu kwa mjane mmoja ili aijenge upya. Mwili wa bunduki ulikuwa imara, akaubakiza. Mtutu, kitako na pini ya kufyatulia, ile inayoigonga risasi ilipuke, aliagiza vipya vya hali ya juu, vya zamani akaving'oa na kuvitupa.

"Hukumuuliza yule mjane mumewe alikufaje?" jirani yake Arlo akamtania, karakanani chini ya nyumba, penye taa moja tu.

"Nimenunua chuma, mzee, sikununua maiti. Hebu shika."

Huku humpi mwenzako bunduki kabla ya kufungua komeo, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, aone haina kitu. Verlin alishalifungua mara tatu asubuhi ile, tupu. Akalivuta tena kwa mazoea.

Kitu kikaruka, kikalia sakafuni, kikabingirika gizani hadi kikagonga ukuta.

Arlo akakiokota, akakiachia papo hapo, akipuliza vidole. Lilikuwa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, lingali la moto.

Na ile pini ilikuwa bado mezani, ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa.