Dawa ya Kioo

Kioo kikitoka jasho kwa nje, unafungua dirisha unapangusa, yamekwisha. Lakini kikitoka jasho mahali ambapo hakuna mwanadamu awezaye kusimama, na jasho lenyewe likawa na umbo la mdomo, hapo ndugu yangu usitafute kitambaa. Tafuta viatu.

Fundi yeye alitafuta kitambaa. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma, naye alikuwa amepanda kumwamsha binti yake. Akaona doa la ukungu kwenye dirisha la chumba cha mtoto. Akapangusa, halikutoka. Akapangusa tena, kwa mzunguko, kama wafanyavyo mafundi vioo. Wapi! Ndipo akatambua kwamba doa lilikuwa upande wa nje. Na chumba kile kilikuwa ghorofa ya pili, chini yake ukuta mtupu, hapana hata ukingo wa kutua njiwa.

"Joto hilo," akajiambia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno.

Dirisha lile lilikuwa na kisa chake. Mkewe alikuwa na kioo kirefu chumbani, na kwa miaka tisa alichana nywele mbele yake kila asubuhi, yeye fundi akiwa nyuma anafunga vifungo vya shati. Mke akaugua, akafa. Tangu siku hiyo, kila fundi alipopita mbele ya kile kioo alimwona mtu mmoja mahali alipozoea kuwaona wawili. Kukitupa hakuweza, kukitazama hakuweza. Upepo ulipobamiza dirisha la mtoto na kulivunja, akaona amepata jawabu.

Kioo si kioo? Lugha yetu yenyewe haitofautishi. Cha dirishani ni kioo, cha kujitazamia ni kioo. Kinachovitenga ni ile rangi ya fedha inayopakwa nyuma, ambayo mafundi huiita dawa. Kwangua dawa, una kioo cha dirisha. Kweli, yule mzee aliyemfundisha kazi alikuwa akisema, "Kioo kilichovaa dawa usikivue. Kikikuchosha kifunike, kikivunjika kizike." Alipoulizwa kwa nini, mzee alijibu, "Kwa sababu nimesema." Sasa hayo nayo ni mafundisho?

Basi fundi akashinda siku nzima na wembe na maji, akaikwangua dawa yote. Akakata kipimo, akakitia kioo dirishani. Kikakaa vizuri kabisa.

Binti yake walimwita Chiriku, maana alikuwa hanyamazi. Alizungumza akila, alizungumza akioga, alizungumza hata na ndala zake. Miezi miwili baada ya dirisha lile, Chiriku alikuwa amenyamaza. Shingo imekuwa nyembamba, midomo imepauka.

Siku moja shangazi yake, aliyehamia pale kumlea, alimkamata fundi mkono pale ngazini.

"Kaka," akanong'ona, "mtoto anaongea na dirisha."

"Watoto huongea peke yao, dada."

"Peke yake nisingesema neno. Nimesikia akijibiwa."

Fundi akavua viatu, akapanda. Kabla hajafika juu alisikia harufu ya mafuta ya nywele ambayo hayakuwamo tena nyumbani mle, kwa kuwa chupa yake aliitupa kwa mkono wake mwenyewe, na alipokaribia mlango akasikia chanuo likipita kwenye nywele nzito, taratibu, kwaruu, kwaruu, kisha kucha likigonga kioo, tii, tii, vile vile mkewe alivyokuwa akigonga kumwita aje amfungie mkufu, na alipochungulia kwenye ufa wa mlango akamwona Chiriku amesimama juu ya kigoda, midomo yake imebanwa kwenye kioo, anapuliza, anapuliza, na ukungu wa pumzi zake haukai upande wake bali unatokea upande wa pili, huko nje kwenye hewa tupu, na nyuma ya ule ukungu kuna mdomo mwingine ulioachama, unameza.

Kisha ukungu ukafifia na uso ukaonekana. Alikuwa mkewe.

Hapo angepiga kelele. Wewe ungepiga, mimi ningepiga. Fundi alikaa chini sakafuni akalia, kwa sababu yule wa dirishani alimwita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

"Ana baridi, baba," Chiriku akasema kwa sauti ndogo. "Anaomba tumpulizie joto."

Jambo moja fundi aliliona. Mkewe alikuwa na doa jeusi shavuni, upande wa kushoto. Huyu doa lake lilikuwa kulia. Aliliona, akalimeza kama mtu amezavyo mwiba wa samaki. Kwa siku nne familia ile ikawa ya watu watatu tena. Kila mchana baba na mwana walikaa dirishani, mtoto akipuliza, baba akisimulia habari za kazini, na yule wa kule akicheka kicheko kile kile. Nasema kweli, fundi alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote.

Siku ya tano Chiriku hakuamka. Shangazi alimtikisa, alimwita, hakuitika. Akachukua bilauri akaiweka mbele ya midomo ya mtoto kuona kama anapumua. Bilauri ilichukua muda mrefu sana kupata ukungu, na ukungu wenyewe haukuzidi ukubwa wa punje ya mchele.

"Utamuua huyu mtoto!" shangazi akamlilia kaka yake. "Mmoja umeshamzika, kaka. Umeshamzika!"

Akaitwa mganga. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani minene. Alipofika mlangoni pa chumba aliivua, akaikunja kwenye kitambaa.

"Sipeleki kioo mbele ya kioo," alisema. Akapapasa mpaka dirishani, akanusa, akagusa pembe za kioo kwa kidole. "Hiki kilikuwa na mgongo. Mgongo wake uko wapi?"

"Niliikwangua dawa, mama."

"Ehe. Uliikwangua dawa." Akatikisa kichwa. "Na hiyo dawa ulidhani inaitwa dawa kwa nini, baba? Ilikuwa inatibu nini?"

Fundi akamtazama Chiriku kitandani. Mganga akaendelea:

"Aliyekuwa nyuma yake alimtazama mkeo miaka tisa kila asubuhi. Anamjua kope kwa kope. Umemfungulia mlango, naye amekuja na uso anaojua utampokea. Huyu si mkeo."

"Tukivunje!" shangazi akadakia.

"Mkikivunja, badala ya mlango mmoja mtakuwa na mia. Kivalisheni tena. Rangi nyeusi itatosha. Jini hachagui rangi, anachagua upenyo. Lakini aanze kupaka aliyekwangua, na lisibaki hata tundu."

Fundi akakitoa kioo, akakisimamisha karakanani juu ya meza ya kazi. Akapaka mgongo wake kuanzia chini. Alifunika mikono, akafunika kifua. Yule wa ndani hakupiga kelele wala hakutisha, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Alisema tu, polepole, "Nitabaki gizani, mume wangu. Mara ya pili." Fundi alifunika mdomo huku machozi yakimdondokea kwenye kopo la rangi. Alifunika paji la uso. Likabaki jicho moja, dogo kama kifungo cha shati.

Brashi ikakataa kwenda. Au tuseme kweli: mkono ulikataa.

"Umemaliza?" mganga akauliza kutoka mlangoni.

"Nimemaliza."

"Chote?"

"Chote, mama."

Na mganga, miwani yake ikiwa mfukoni, hakuona kifungo.

Chiriku aliamka jioni ile akaomba uji. Baada ya wiki alikuwa anagombana na ndala zake kama zamani. Dirishani kikatiwa kioo kipya, kioo cha dirisha kweli. Kile cheusi fundi alikiweka stoo, nyuma ya karakana. Na kila mchana, shangazi akijinyoosha kidogo, fundi alijifungia stoo, akapiga magoti, akaweka jicho lake kwenye kile kitundu. Kisha aliweka midomo.

"Kaka, mbona unakonda?"

"Kazi, dada."

Shangazi alihangaika na supu. Chiriku hakuhangaika na supu. Mchana mmoja, babake amesinzia kitini, alileta bilauri akaiweka mbele ya midomo yake, akahesabu mpaka ishirini kabla ukungu haujaonekana. Akairudisha bilauri mahali pake, akaenda kutafuta brashi.

Siku iliyofuata fundi alikuwa amepiga magoti, komeo la mlango amelisahau, jicho lake limegusana na lile jicho, linamtazama kwa upole kama zamani. Akasikia nyayo ndogo zikipita nyuma ya kioo. Hakuelewa mpaka alipoona unywele wa brashi.

"Chiriku! Mwanangu, acha! Usimfunike mama yako!"

"Doa lake liko upande mwingine, baba," mtoto akasema kutoka nyuma ya kioo. "Niliona tangu siku ya kwanza."

"Uliona? Ukampulizia hivyo hivyo?"

"Nilikuwa nimemkumbuka mama."

Brashi ikapita mara moja, ikarudi mara ya pili, kama alivyofundishwa na babake. Jicho likazimika.

Fundi akabaki anatazama kioo cheusi, na ndani yake mwanamume aliyekonda, ambaye hakuwahi kumtazama tangu msiba. Chiriku akatoka nyuma, akaja kusimama karibu naye. Sasa kiooni walikuwa wawili. Hapo fundi alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na mtoto naye akalia, wakashikana.

Na huko ndani, nyuma ya rangi, kucha likagonga: tii, tii.

Chiriku akanyanyua viganja vyake vyenye rangi mbichi, akamziba babake masikio.