Mkazi wa Nne wa Ziwa Kavu

Karatasi ilikuwa na majina manne, na wachezaji walikuwa watatu.

Severine alihesabu vichwa upya humo ghalani. Mashimba, fundi baiskeli, alikuwa amejimwaga juu ya mzani wa pamba utadhani kochi la kwao, anatafuna hindi la kuchoma. Apolonia, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekunja mikono, tayari kwa ubishi. Wa tatu ni Jenipha, mdogo wake wa pekee, ambaye Severine alimlea tangu baba yao alipofariki, na ambaye akiimba kanisani hata watoto wakorofi hunyamaza. Basi. Lakini chini ya jina la Jenipha, kwa mwandiko wa Severine mwenyewe, ule wa kikarani wenye mikia mirefu, palikuwa na jina jingine la Kisukuma: Ng'wana Nyanza, mtoto wa ziwa.

"Nani kanifanyia mchezo?" akauliza.

"Si ndio tulioujia, huo mchezo?" Mashimba akajibu, mdomo umejaa.

Severine akameza hasira. Siku hizo alikuwa akimeza hasira kuliko ugali. Miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika hapo Lamadi, akipokea pamba za watu, mpaka soko huria lilipofika na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, ghala likabakia na popo na yeye akabakia na funguo. Ndipo rafiki yake alipofungua robota la mitumba akakuta, katikati ya makoti, boksi lenye kitabu cha Kizungu na dadu la pande ishirini. Alitaka kuwashia moto. Severine akaliomba, akakaa na kamusi miezi miwili hadi akaelewa: ni mchezo wa kuongea tu. Mmoja anasimulia nchi isiyokuwepo, wengine wanakuwa wakazi wake na kusema wanachofanya humo, na dadu linaamua kama wameweza.

Nchi ya kitabuni ilikuwa ya theluji na majumba ya mawe. Theluji ya nini mtu wa Lamadi? Akatunga ya kwake, akaiandika nyuma ya fomu za pamba, akaiita Ziwa Kavu. Huko ziwa lilikauka kwa siku moja, kabla ya jua kutua. Watu wakashuka kuishi sakafuni mwake, mitumbwi ikawa inavutwa na ng'ombe juu ya majani, kambare wakajifunza kutembea na kudai heshima. Kila mkazi ana kitu kimoja alichonacho na kimoja anachokikosa, na safari yake ni kwenda kukitafuta. Tena kuna sheria moja: neno la msimulizi likishatoka halirudi.

Kwa mara ya kwanza tangu ghala lifungwe, Severine alikuwa na kitu cha kuwaonyesha watu. Ndiyo maana walimuudhi sana.

"Hao ng'ombe wanaovuta mitumbwi," Mashimba akasema, "mimi nataka kumi. Na malisho."

"Wewe ni mwindaji wa kivuli, Mashimba. Nimekueleza mara tatu!"

"Mwindaji hafugi?"

"Na ziwa likikauka siku moja, maji yalikwenda wapi?" Apolonia akadakia. "Darasa la nne watakuuliza hilo."

Jenipha akacheka, kicheko chake kile cha kengele, na Severine akainamia karatasi ili wasimwone alivyokunja uso. Hapo akasoma vizuri ule mstari wa nne. *Alichonacho: subira. Anachokikosa: sauti.*

Akakumbuka. Karani wa pamba hainui kichwa. Foleni ni ndefu, jua ni kali, anaita tu, anayeitika anaandikwa, anaita mwingine. Ndivyo alivyowaandikisha wakazi wake muda mfupi uliopita. Mwingine! Jina? Una nini? Unakosa nini? Na kweli alisikia sauti ya nne, ya kukoroma, kama maji yakitoka kwenye dumu. Alidhani ni Mashimba anajifanya mjinga, akaandika.

Ghala likaanza kunuka tope. Ilikuwa saa tisa alasiri ya Jumapili, kiangazi, jua linapenya kwenye matundu ya mabati, na humo ndani mlinuka tope bichi na samaki aliyelala. Dadu likajibingirisha peke yake juu ya meza, likasimama. Apolonia akaligusa, akavuta kidole.

"Limelowa," akanong'ona. "Nani kalilowesha?"

"Zamu yangu," ikasema ile sauti ya kukoroma. "Nimekipata nilichokuwa nakitafuta. Nichukue?"

"Mashimba, acha upuuzi wako!"

"Mimi? Si unaona natafuna!"

"Msimulizi," sauti ikarudia, taratibu, karibu kabisa na sikio lake. "Nichukue?"

Mtu mwenye akili angenyanyuka na kukimbia. Severine alikuwa na hasira, na hasira hasara. Akaitupa kalamu mezani. "Chukua! Chukueni wote mnachotaka, mniache!"

Jenipha alikuwa bado anacheka, na kicheko kikakatika katikati, mdomo wake ukabakia wazi, akajishika koo, akamtazama kaka yake kwa macho ya kuuliza huku maji membamba yakimtiririka kidevuni hadi kifuani, na wakati wote watatu wamemrukia kumshika, kule juu kwenye kenchi za paa, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala ngazi ya kumpandisha mtu, kile kicheko chake cha kengele kikaendelea kilipoishia, kikacheka hadi kikatosheka.

Hospitali hawakuona kitu kooni. Siku ya tatu Severine akaenda Mwamanyili kwa Bibi Milembe, mfumu, mganga ambaye hata Wakatoliki humwendea, ila kwa njia ya nyuma.

"Ng'wadila, mayu," akasalimia kwa sauti ndogo, kama anayemwamkia mama yake.

"Ng'wadila. Kaa." Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. "Umelikausha ziwa kwa mdomo wako, mwanangu. Ulidhani wenyewe hawasikii?"

"Ilikuwa hadithi tu, mayu."

"Umemwandika, ukampa ruhusa. Hiyo nayo hadithi?" Akachukua usinga wake. "Jumapili tutarudi palepale, saa ileile, watu walewale. Utaita majina. Kila jina litaitikiwa na anayelikalia. Ukimjua asiye mtu, futa jina alilolikalia. Moja tu. Ukifuta mawili, utampoteza na dada yako."

Jumapili Bibi alimwaga unga wa mtama mlangoni, akasimama hapo na usinga. Harufu ya tope ilikuwa imewatangulia ndani. Safari hii Severine aliinua kichwa.

"Mashimba."

"Nipo," Mashimba akasema, na hakukuwa na utani hata chembe.

"Apolonia."

"Nipo."

"Jenipha."

"Nipo, kaka." Sauti ilikuwa yake, tamu, nyembamba mwishoni, ila Jenipha alikuwa amekaa mbele yake midomo imefungwa, na sauti imetoka kenchini.

Severine akashika kalamu. Akaita la nne, kwa shida. "Ng'wana Nyanza."

Jenipha, machozi yakimlengalenga, akanyanyua mkono kama mtoto wa darasani.

"Futa," Bibi Milembe akamhimiza. "Futa upesi!"

"Mayu, amekalia jina la mdogo wangu! Nitafutaje jina la mdogo wangu?"

"Alilolikalia, nimekwambia! Anashuka huyo!"

Na kweli kitu kilikuwa kinashuka kwenye nguzo, hakionekani ila kwa ule unyevu uliokuwa ukiteremka juu ya mbao, shubiri kwa shubiri, kikiita kaka, kaka, kaka, kwa ile sauti aliyoifundisha mwenyewe kusema a-e-i-o-u, na Severine, akilia kwa sauti, akalaani kitabu na boksi na soko huria na kichwa chake mwenyewe, akaukandamiza wino juu ya neno Jenipha mpaka karatasi ikatoboka.

Mabati yakapiga kelele. Unyevu ukakatika, unga wa mlangoni ukatawanyika kuelekea nje, na Jenipha akainama akatapika maji, mengi, kisha akavuta pumzi.

"Kaka," akasema, kwa mdomo wake.

Mashimba alilia bila aibu. Severine alimkumbatia dada yake akamshukuru Mungu na Bibi Milembe kwa mpigo mmoja, wakaongozana hadi nyumbani, na njia nzima binti akaimba, wala sauti haikuwa na kasoro.

Mama yao alikuwa amepakua chakula uani. "Jenipha! Njoo ule, mwanangu."

Binti akaendelea kunawa mikono.

"Jenipha!"

Hakugeuka. Mama akasogea, akaliita jina kwa mara ya tatu karibu na uso wake, na binti akamtazama kwa upole, kama mtu anayesubiri mwingine aitikie. Mama akamgeukia Severine. "Ana nini mwanangu? Mbona hasikii?"

Severine akakumbuka ule mkono ulionyanyuka ghalani.

"Ng'wana Nyanza," akaita.

"Abee, kaka," akaitika mara moja, akitabasamu.